Je, Wakala Aitikie kwa Niaba ya Kijiji Kizima?

Kwa miaka mingi barua ya kwenda kijijini katika Mkoa wa Singida haikufika mlangoni kwa mtu aliyeandikiwa. Ilisafiri hadi posta ya Singida, Manyoni au Kiomboi, ikatiwa katika sanduku la shule, la misheni au la chama cha ushirika, na juu ya bahasha paliandikwa maneno ambayo kila msomaji wa makamo anayakumbuka: "kupitia kwa Mwalimu Mkuu". Karani wa posta hakuhitaji kujua kwamba fulani anakaa nyuma ya kilima au karibu na lambo. Alihitaji namba ya sanduku tu. Mwalimu Mkuu aliitikia kwa niaba ya kijiji kizima, na kugawa barua ilikuwa kazi yake.

Utaratibu huo ulifaa, lakini ulikuwa na kasoro zake. Barua ya mtu aliyehama, ya mtu aliyefariki, na hata ya mtu ambaye hajapata kuishi kijijini hapo, zote ziliingia katika sanduku lile lile, kwa kuwa posta haikuwa na njia ya kuzitenganisha. Na Mwalimu Mkuu alipohamishwa, aghalabu barua nazo zilikwama.

Mafundi wa mitandao ya kompyuta wanao utaratibu unaofanana na huo karibu kwa kila jambo. Ruta moja, yaani ule mtambo unaoelekeza pakiti za taarifa, huwekwa mahali pa Mwalimu Mkuu, nayo huitikia "ni mimi" kila inapoulizwa anwani yoyote iliyo katika fungu zima la anwani. Ni hila nzuri na katika mazingira fulani ni msaada mkubwa. Lakini iko hatari ya hila hiyo kugeuzwa kuwa mpango wa kudumu kwa shule, zahanati na ofisi za kata zinazounganishwa sasa na mtandao katika mikoa kama Singida. Jambo hilo linastahili kupingwa mapema, kabla halijawa desturi.

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kueleza jinsi majirani wanavyotafutana mtandaoni. Kila mtambo uliounganishwa una anwani. Katika toleo la 6 la itifaki ya intaneti, anwani hiyo ina urefu wa biti 128. Biti za mwanzo hutaja mtaa, na biti za mwisho humtaja mkazi wa mtaa huo. Ruta inapopokea pakiti inayokwenda kwa mkazi wa mtaa wake, huwa haijui bado ni kadi ipi ya mtandao yenye anwani ile. Kwa hiyo huita: nani mwenye anwani hii? Mwenyewe hujibu kwa kutaja namba ya kadi yake, na ruta huandika jibu hilo katika daftari lake la majirani ili isilazimike kuuliza tena kwa kila pakiti. Katika toleo la 4, ambalo ndilo la zamani, kazi hii hufanywa na itifaki ya ARP iliyoelezwa katika waraka RFC 826 wa Novemba 1982. Katika toleo la 6 sheria zake zimo katika RFC 4861 wa Septemba 2007. Mwito wa zamani ulikuwa kama mbiu ya mgambo, kila mtu aliusikia. Mwito wa sasa hupelekwa kwa kikundi kidogo tu kinachoamuliwa na biti 24 za mwisho za anwani inayotafutwa, hivyo wasiohusika hawasumbuliwi.

Sasa iko hali ambapo anayeitwa hawezi kusikia, kwa sababu kati yake na anayeita imewekwa ruta nyingine. Hapo ndipo wakala huingia. Yeye huusikia mwito, hujibu kwa namba ya kadi yake mwenyewe, hupokea pakiti, kisha huipeleka ndani. Ujanja huu haukuanza jana. Mwaka 1987 waraka RFC 1027 ulieleza namna ulivyotumika katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ambako kompyuta nyingi za wakati ule hazikujua kwamba mtandao unaweza kugawanywa katika mitaa midogo. Ruta zilijibu kwa niaba ya mitaa ya nyuma, na kompyuta hizo kongwe ziliendelea kufanya kazi bila kujua kwamba kitu kimebadilika.

Waliotunga sheria za toleo la 6 waliufahamu ujanja huu, nao waliuwekea adabu. RFC 4861 unaagiza kwamba jibu la wakala lisiwe na nguvu ya kufuta jibu la mwenye anwani, na kwamba wakala akawie kwa muda wa nasibu usiozidi sekunde moja kabla ya kujibu. Kwa maneno mengine, wakala asimame nyuma ya mwenyewe, asimtangulie. Ni busara ya kutosha maadamu wakala anasimamia anwani chache zinazojulikana.

Mambo hubadilika anapotakiwa kusimamia fungu zima. Mfumo wa Linux, unaoendesha ruta nyingi ndogo, hukubali kuambiwa anwani moja moja: itikia kwa niaba ya hii, na ya hii. Kwa fungu la kawaida la mtaa mmoja, linaloandikwa /64, jambo hilo haliwezekani, kwani fungu hilo lina anwani 18,446,744,073,709,551,616. Mtu anayezijaribu milioni moja kila sekunde angehitaji zaidi ya miaka 584,000 kuzimaliza. Ndiyo maana zikatungwa programu kama ndppd, ambazo huambiwa fungu tu, nazo huitikia kila mwito unaoangukia ndani yake. Na kwa kuwa mwito wa toleo la 6 hupelekwa kwa vikundi, programu ya namna hiyo hulazimika kusikiliza vikundi vyote kwa pamoja. Haiwezi kujiandikisha katika kimoja kimoja, maana viko 16,777,216.

Na ichukuliwe shule moja ya mfano katika Wilaya ya Mkalama. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita mkoani Singida. Kutoka kwenye mkongo, taarifa husafiri kwa redio kutoka mlingoti hadi mlingoti, na mlingoti wa mwisho unaihudumia shule pamoja na zahanati iliyo jirani nayo. Mtoa huduma ameweka fungu moja la /64 juu ya kiungo hicho, akidhani kwamba kila kompyuta itaungwa moja kwa moja na mlingoti wake. Lakini shule ina ruta yake, na nyuma ya ruta kuna chumba cha kompyuta, ofisi ya Mwalimu Mkuu na simu za walimu. Mlingoti unaita, na chumba cha kompyuta hakisikii. Fundi anayetumwa kurekebisha anatazama saa, anatazama barabara anayopaswa kurudi nayo kabla ya mvua, anaweka programu ya wakala na kuiambia iitikie fungu lote. Kompyuta zinafanya kazi. Mkuu wa shule anatia sahihi.

Hakuna haki ya kumlaumu fundi huyo. Ametumia alichopewa, na bila wakala angelazimika kuzificha kompyuta zote nyuma ya anwani moja, kama inavyofanywa katika toleo la 4. Lakini zahanati je? Iko juu ya kiungo kile kile, na fungu la anwani ni lile lile. Wiki inayofuata zahanati inaletewa kompyuta mpya. Kabla ya kuitumia anwani iliyojichagulia, kompyuta hiyo huuliza kwa adabu: kuna mtu anayeitumia anwani hii? Wakala wa shule, aliyeambiwa aitikie yote, anajibu kwamba ni yake. Kwa sheria za RFC 4862, jibu la aina yoyote kwa swali hilo latosha kuihesabu anwani kuwa imekwisha kuchukuliwa. Ile adabu ya wakala kutokufuta jibu la mwenyewe haisaidii hapa, kwa sababu mwenyewe bado hajawa na anwani ya kujibia. Kompyuta ya zahanati inaiacha anwani ile na inabaki bila mawasiliano. Muuguzi ataambiwa kwamba mashine ni mbovu. Itarudishwa Singida mjini, itapimwa, itaonekana nzima, na italetwa tena.

Programu zilizotungwa kwa uangalifu hujaribu kuepuka balaa hilo, na zinaweza kuagizwa ziulize kwanza upande wa ndani kama mwenye anwani yupo, ndipo zijibu upande wa nje. Wakala wa namna hii ni mwaminifu zaidi, na yeyote anayelazimika kumtumia wakala amtumie huyu. Tatizo ni kwamba njia rahisi ya kuiandika programu hiyo ndiyo ile ya kuitikia yote, nayo ndiyo inayoandikwa jioni wakati mvua inanyemelea.

Hasara ya pili humpata mtoa huduma mwenyewe. Ruta ya mlingoti huweka mstari mmoja katika daftari la majirani kwa kila anwani iliyojibiwa. Mtu mwovu aliye popote duniani akirusha pakiti kwa anwani za kubahatisha ndani ya fungu, wakala huitikia kila moja, na daftari hujaa mistari elfu moja inayotaja kadi ile ile ya shule. Linux kwa kawaida huliwekea daftari hilo kikomo cha mistari 1,024. Likijaa, majirani wa kweli hukosa nafasi. Ni kweli kwamba daftari laweza kusumbuliwa hata pasipo wakala, kama waraka RFC 6583 wa mwaka 2012 ulivyoeleza kwa kirefu, lakini bila wakala ile mistari ya uongo huwa haina jibu, nayo huondolewa upesi. Wakala huigonga muhuri.

Wala pakiti zenyewe hazina amani. Ikiwa fundi ameligawa fungu na kuelekeza ndani sehemu yake tu, pakiti ya anwani isiyo na mwenyewe huingia kwa wakala, wakala haoni pa kuipeleka, huirudisha mlingotini kwa njia yake ya kawaida, na mlingoti huirudisha kwa wakala, hadi idadi ya hatua zilizoruhusiwa iishe. Katika kiungo cha redio kinachogawanywa na vijiji kadhaa, safari hizo za bure hula nafasi ambayo imelipiwa. Tena kuligawa fungu la /64 huvunja utaratibu wa kompyuta kujichagulia anwani, kwa kuwa utaratibu huo huhitaji biti 64 kamili za mkazi. Hapo italazimu anwani zigawiwe na seva kwa itifaki ya DHCPv6, ambayo simu za Android kwa miaka mingi hazikukubali kupokea anwani kwayo. Na vifaa vingi vya walimu ni simu.

Hata hivyo hasara kubwa kuliko zote ni ile inayohusu ukweli wa daftari. Fundi aliyeko Dodoma, zaidi ya kilomita 200 kutoka Singida, anapoambiwa kwamba seva ya kituo cha afya haipatikani, hutazama kwanza daftari la ruta ya mwisho. Mstari ukikosekana, hujua kwamba mashine imezimika au waya umekatika. Penye wakala anayeitikia yote, mstari hauwezi kukosekana kamwe. Daftari linasema mgonjwa yuko kitandani, kumbe kitanda ni kitupu. Fundi anahangaika na ngome za usalama na programu, na gari la kwenda kutazama linatumwa siku ya tatu. Katika mji wenye mafundi kila mtaa, kosa hilo hugharimu saa moja. Huko Itigi laweza kugharimu wiki, na gharama hiyo haionekani katika hesabu za mtu aliyeuza huduma.

Dawa yake inajulikana, na ina umri wa zaidi ya miaka 20. Ni kuikabidhi taasisi fungu lake yenyewe. Badala ya kuita jirani mmoja mmoja, ruta ya mlingoti huandikwa mstari mmoja wa njia: anwani zote zinazoanza kwa tarakimu hizi, ipelekewe ruta ya shule. Ndani ya fungu hilo shule hujigawia mitaa inavyopenda, mmoja wa chumba cha kompyuta, mmoja wa ofisi, mmoja wa simu. Hakuna anayemwitikia mwenzake. Namna ya ruta kuomba fungu na kupewa bila mkono wa mtu ilielezwa katika RFC 3633 wa Desemba 2003, na baadaye ikaingizwa ndani ya RFC 8415 wa Novemba 2018. Zahanati hupewa fungu lake, na ugomvi wake na shule huisha kabla haujaanza.

Tanzania ina mfano wa jambo hili juu ya ardhi yake yenyewe. Postikodi za nchi zina tarakimu tano, ambazo hushuka kutoka kanda hadi mkoa, kisha wilaya, kisha kata, na zile za Mkoa wa Singida huanza kwa 43. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, Serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, na nyumba zilizokuwa zikitajwa kwa sanduku la shule zikabandikwa namba na barabara zikapewa majina. Haikusemwa kwamba vijiji viendelee kuitikiwa na Mwalimu Mkuu kwa sababu namba hazitoshi. Ingekuwa ajabu taifa liipe kila nyumba anwani yake barabarani, kisha liiache shule nzima bila anwani yake katika mtandao.

Watoa huduma wengine watajibu kwamba kugawa mafungu makubwa ni ubadhirifu. Jibu hilo linatokana na mazoea ya toleo la 4, ambamo uhaba ni wa kweli. Akiba kuu ya dunia ilimalizika tarehe 3 Februari 2011, na tangu Januari 2020 AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, limekuwa katika awamu ya mwisho ambayo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Katika toleo la 6 hesabu ni nyingine kabisa. Mtoa huduma hupewa walau fungu la /32. Ndani yake mna mafungu 16,777,216 ya ukubwa wa /56, na kila moja kati ya hayo lina mitaa 256. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 katika Mkoa wa Singida. Mtoa huduma mmoja angeweza kumpa kila mtu mkoani, pamoja na mtoto aliyezaliwa usiku wa sensa, fungu lake la /56, na bado akabakiwa na mafungu milioni 14. Mafundi wa Ulaya wanaokutana chini ya RIPE walipendekeza mwaka 2017 kwamba mteja apewe /48 au /56, tena asibadilishiwe mara kwa mara. Hakuna sababu ya kijiografia ya pendekezo hilo kutofaa Iramba.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: kwamba wengi wa wananchi wa vijijini hufika mtandaoni kwa simu ya mkononi, na mitandao ya simu kwa desturi hutoa fungu moja tu la /64 kwa kila simu. Hilo ni kweli, lakini haliteteei wakala wa fungu zima. Katika simu, fungu lote huelekezwa kwa simu hiyo peke yake, hakuna jirani mwingine wa kugombana naye, na RFC 7278 wa Juni 2014 ulieleza jinsi simu inavyoweza kuligawia fungu hilo kompyuta zilizo nyuma yake pasipo kumwitikia mtu. Kwa mwalimu anayefundisha kwa simu yake chini ya mwembe, hiyo yatosha. Kwa shule yenye vyumba vitatu vinavyopaswa kutenganishwa, mtaa mmoja hautoshi, na ndipo majaribu ya kumtafuta wakala hurudi.

Itasemwa pia kwamba ni mapema mno kubishana juu ya mafungu wakati nchi nzima bado iko nyuma sana ya India katika kutumia toleo la 6. Lakini umapema huo ndio unaoifanya kazi iwe nyepesi. Mikataba ya kuunganisha taasisi za umma huandikwa mara moja na kunakiliwa mara mia. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo biashara peke yake isingefika, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa leseni. Sharti la sentensi moja katika nyaraka hizo, kwamba kila taasisi ya umma ikabidhiwe fungu lisilo dogo kuliko /56 kwa njia iliyoandikwa katika ruta ya mtoa huduma, halihitaji mtambo mpya wala fedha za kigeni. Na pale ambapo wakala hana budi kutumika kwa muda, mkataba utaje muda huo kwa miezi, na wakala awe yule anayeuliza ndani kabla ya kujibu nje.

Halmashauri nazo zisingoje. Siku ya kukabidhiwa kazi, ofisa wa TEHAMA wa wilaya, kabla ya kutia sahihi, aombe kuoneshwa daftari la majirani la ruta ya mlingoti huku kompyuta zote za shule zikiwa zimewashwa. Upande wa shule, ukiacha anwani ya kiungo ambayo kila kadi hujipa yenyewe, ukionekana mstari mmoja tu, yaani ruta ya shule, basi fungu limekabidhiwa. Ikionekana mistari arobaini yenye namba moja ya kadi, mkandarasi apande tena gari kurudi mlingotini.